Kabla Hujaishtaki Draiva

Shikamooni wakubwa zangu. Vijana, mambo? Mwenyekiti amenipa nusu saa na saa yake ameiweka mezani mbele yangu, kwa hiyo salamu ziishie hapo. Leo ni habari ya kadi ya mtandao inayogoma, na ya draiva, yaani ile programu inayoiendesha kadi.

Kipande hiki cha kebo nilichokishika hakizidi shubiri moja. Mlio mbele mnaona kimetafunwa. Ni kazi ya panya. Kilinigharimu usiku tatu, na sijakitupa mpaka leo.

Kuna taasisi moja, jina nitalimeza, iliyoniita kwa sababu seva yao ya mafaili ilikuwa "inapoteza mtandao". Ilikuwa Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, kadi ya mtandao ya Realtek iliyojengwa ndani ya ubao mama, draiva r8169 inayokuja na Linux yenyewe. Kila mchana mtandao unakuwa mzito kama uji wa muhogo, unakatika, halafu unarudi wenyewe. Mimi hata kiti sijakikalia nilishatoa hukumu: draiva. Nani asiyejua sifa za Realtek? Nikaingia kwenye logi, daftari la matukio ya mashine, nikatafuta neno error, nikatafuta fail. Sikupata cha maana. Badala ya kujiuliza, nikajithibitishia: draiva mbovu kiasi hiki haina hata adabu ya kulalamika. Nikaing'oa, nikaweka r8168 ya watengenezaji wenyewe, nikawasha seva upya. Usiku kucha ikatulia. Nikalishwa pilau, nikasifiwa, nikaondoka. Kesho yake saa nane mchana simu ikaita.

Kisa hicho nitakimalizia mbele. Kwanza tuelewane huyu tunayemshtaki kila siku anafanya kazi gani.

Mchukulieni draiva kama karani wa forodhani. Mizigo yenyewe haibebi. Kwenye kumbukumbu ya mashine kuna duara la vibao. Kila kibao kimeandikwa "mzigo uko ghala fulani, uzito kiasi fulani". Karani anajaza kibao, anagonga mlango wa kadi, na kadi inakwenda yenyewe ghalani kuchukua mzigo bila kuisumbua prosesa. Ikishatuma, inaweka alama kwenye kibao kwamba tayari, kisha inapiga kengele, ile tunayoiita intarapti. Karani anasikia kengele, anafuta kibao, duara linaendelea kuzunguka.

Sasa kadi ikichukua mzigo na isilete alama? Vibao vinajaa. Ndani ya kerneli, moyo wa mfumo, kuna mlinzi anayetazama saa, na kwenye Linux draiva isipojiwekea muda wake anasubiri sekunde 5. Zikipita, anaandika ule mstari mnaoujua: NETDEV WATCHDOG, jina la kadi, jina la draiva kwenye mabano, "transmit queue 0 timed out". Kwenye FreeBSD, mfumo mwingine kama Linux, ni mfupi zaidi: "re0: watchdog timeout". Watu wengi wakiuona mstari ule wenye jina la draiva ndani yake, wanasema basi, muuaji kajitaja. Hapana jamani. Mstari ule ni karani anasema: nilitoa mzigo, sijaletewa risiti. Risiti imepotelea wapi, hajui. Inawezekana kadi imeganda. Inawezekana kadi imelala kwa ajili ya kuokoa umeme na haikuamka. Inawezekana kengele imepigwa ikapotea njiani. Inawezekana, kweli, karani mwenyewe kachanganya vibao. Lakini taarifa ya msiba haituambii nani kaua.

Kwa hiyo mimi siku hizi naanza chini kabisa, na swali la kwanza halihusu draiva hata kidogo: je, mashine inaijua kadi ipo? Kwenye Linux, lspci -nnk. Kwenye FreeBSD, pciconf -lv. Tazama zile namba za utambulisho, zinakuja mbili mbili, na ya kwanza ni ya mtengenezaji: 8086 ni Intel, 10ec ni Realtek, 14e4 ni Broadcom. (Intel walichukua namba ya prosesa yao ya zamani wakaifanya jina la ukoo, huwa nafurahi nikiiona.) Kadi isipoonekana hapo, funga kabisa habari ya draiva. Karani hawezi kuhudumia meli ambayo haijafika. Zima mashine, chomoa umeme ukutani, toa kadi, safisha meno yake, irudishe, jaribu tundu lingine. Sisi wa pwani tunajua unyevu na chumvi vinavyofanya kwenye shaba. Angalia na bayosi pia, ile mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka, maana kuna fundi mwenzio huenda aliizima kadi ya ndani miaka miwili iliyopita akasahau.

Ikionekana, tazama mstari wa chini yake unaosema draiva gani inatumika. Ukiwa hakuna mstari huo, kadi ipo lakini haina karani. Mara nyingi hilo hutokea baada ya kusasisha kerneli, kama draiva uliijenga mwenyewe kutoka nje ya kerneli. Draiva ya namna hiyo ni moduli, kipande kinachopakiwa ndani ya kerneli, na moduli hujengwa kwa kerneli fulani. Kerneli mpya haiitambui ya zamani. Chombo kiitwacho DKMS kipo kwa ajili hiyo, kiijenge upya kila kerneli inapobadilika, ila kinahitaji mafaili ya vichwa vya kerneli (kernel headers) yawepo, na ndiyo hayo tunayoyasahau. Hapa utajikuta kwenye kitendawili cha kuudhi kuliko vyote: kifurushi cha kurudisha mtandao kiko kwenye mtandao. Wekeni nakala kwenye flashi. Wenye FreeBSD mnaotumia draiva ya Realtek kutoka kwenye ports, hazina yao ya programu za ziada, mnajua kwamba moduli inayosomwa ni ile ya /boot/modules, na msipoitaja kwa njia yake kamili ndani ya loader.conf, faili la mipangilio ya kuwaka, mnaweza kudhani mnatumia mpya kumbe mnahudumiwa na ileile iliyokuja na mfumo.

Halafu kuna karani aliyepo ofisini lakini hana leseni. Namaanisha faimuwea, programu ndogo inayoendesha kadi kutoka ndani yake yenyewe. Waliokuwepo mwaka 2011 mtakumbuka Debian 6 ilipotoka. Debian walikuwa wameondoa faimuwea zisizo huru kutoka kwenye kerneli yao, na kadi za Broadcom za draiva bnx2, zilizojaa kwenye seva za Dell na HP za wakati ule, haziwezi kuinuka bila faimuwea yao. Watu wakasasisha, wakawasha upya, kimya. Draiva imepakiwa, kadi inaonekana, mtandao hakuna, na dmesg, logi ya kerneli, imeandika wazi jina la faili iliyokosekana. Seva zikasafiriwa kilomita nyingi kwa ajili ya faili dogo sana. Mpaka Debian 12, mwaka 2023, ndipo faimuwea za namna hiyo zikaanza kuwekwa kwenye diski rasmi ya kusakinisha, baada ya wanachama kupiga kura mwaka uliotangulia. Sichukui upande kwenye ugomvi wa uhuru wa programu. Nasema tu kwamba mtu aliyesoma dmesg alimaliza kazi ndani ya dakika kumi, na aliyebadilisha kebo, swichi na kadi alimaliza kesho yake.

Kuna na kesi ambazo hazina mgonjwa kabisa. Kadi imebadilishwa jina, basi. Zamani kwenye Linux ukibadilisha kadi, au ukinakili mashine pepe, eth0 inageuka eth1, kwa sababu udev, inayovipa vifaa majina, ilikuwa imeandika anwani ya MAC ya kadi ya kwanza kwenye daftari lake na jina halitoi kwa mgeni. Mwaka 2013 systemd, inayosimamia huduma za Linux, ikaleta majina kama enp3s0, yanayotokana na mahali kadi ilipokaa kwenye basi, ile njia ya ndani inayounganisha kadi na mashine. Safi, mpaka siku unapochomeka kadi ya diski kwenye tundu la jirani, namba za basi zinasogea, na enp3s0 inaamka ikiitwa enp4s0. Mipangilio yako yote inamsubiri mtu aliyebadili jina. Nimeona kadi nzima kabisa ikitupwa jalalani kwa kosa hili. FreeBSD wao jina la kadi ni jina la draiva yake, em0, igb0, bge0, na kwa kweli mimi napenda hivyo. Ukilitazama tu unajua nani yuko zamu.

Sasa tuseme kadi inaonekana, draiva ipo, jina ni lilelile, taa zinawaka, na bado mambo hayaendi. Hapo ndipo penye kazi, na hapo naomba mtulie.

Soma vihesabio. ethtool -S kwa Linux. Kwa FreeBSD anza na netstat -i, kisha sysctl ya dev ya kadi yako. Usisome mara moja. Soma, subiri dakika moja, soma tena, kwa sababu namba yenyewe haisemi kitu, kinachosema ni namba inayopanda. Makosa ya CRC, yaani ya uhakiki wa kila fremu inayofika, yakipanda, draiva hahusiki: fremu zinafika zimeharibika, na kinachoharibu fremu ni kebo, kichwa cha kebo, poti ya swichi au duplex isiyolingana. Hili la mwisho bado lipo, msidhani ni hadithi ya wazee. Mtu amefunga upande mmoja uwe full duplex, kutuma na kupokea kwa pamoja, kwa nguvu, upande wa pili uko kwenye majadiliano. Unakosa wa kujadiliana naye, unajishusha kuwa half, kwa zamu. Mtandao unafanya kazi, ila ukinakili faili kubwa unalia. Lakini kihesabio kinachopanda kikiwa ni rx_missed, maana yake kadi imepokea vizuri na mashine haikuwahi kuupokea mzigo. Angalia ukubwa wa duara kwa ethtool -g. Kadi nyingi za Intel huanza na vibao 256 na zinakubali hadi 4096.

Angalia na kengele. /proc/interrupts kwa Linux, vmstat -i kwa FreeBSD. Namba ya kadi yako imesimama wakati paketi zinapaswa kupita? Kengele hazifiki. Hapo kujaribu kuzima MSI-X, njia ya kadi kupiga kengele hizo, au kuzuia kadi isilale kwa pcie_aspm.policy=performance, si uganga, ni kipimo. Na kadi inayofanya kazi nyingi kwa niaba ya kerneli, kukata data vipande na kupiga hesabu za uhakiki, mjaribu kumpunguzia: ethtool -K na tso off, au ifconfig na -tso. Tatizo likiondoka, umeshajua chumba lilimo. Kwa hapo hapo niwaonye wanaotumia tcpdump, chombo cha kurekodi paketi: ukiona paketi zinazotoka kwako zina hesabu ya uhakiki isiyo sahihi, usipige yowe. tcpdump inaziona kabla kadi haijaijaza hesabu hiyo.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Najua mmeshasikia. Mimi pia nilishasikia, na bado siku ile nilibadilisha draiva na kuwasha upya kwa pamoja, nikaipa draiva sifa ya kazi ambayo haikufanya.

Nitoe mifano miwili mikubwa, kwa sababu kuna wenzetu wanadhani makosa haya ni ya sisi wadogo. Mwaka 2008, kerneli ya Linux 2.6.27 ikiwa bado jikoni, kadi za Intel za draiva e1000e zilianza kufa kweli kweli. Kumbukumbu ndogo ndani ya kadi inayotunza utambulisho wake ilikuwa inaandikwa takataka, na kuwasha upya hakusaidii. Macho yote kwa e1000e. Jina lake ndilo lililokuwa kwenye maiti. Wahandisi wa Intel wakaweka kufuli kumbukumbu ile isiandikwe, na uchunguzi ukaendelea, mpaka ikabainika mkosaji ni ftrace, chombo cha kufuatilia mwenendo wa kerneli ambacho na kadi za mtandao hakina undugu wowote. Kilikuwa kimeandika kwenye daftari lake anwani za vipande vya programu; vipande vile vikaondolewa, eneo lile la anwani likapewa kadi, na ftrace ikarudi kusahihisha mahali ambapo sasa pana mwenyewe. Oktoba mwaka huo, toleo 2.6.27.1 likakizima kipengele hicho. Fikiria muda ambao draiva alikaa mahabusu.

Wa pili ni wa Februari 2013. Kristian Kielhofner, mtu wa mifumo ya simu za intaneti, alieleza jinsi kadi za Intel 82574L zilivyokuwa zinakufa bila mpangilio, taa zinazima, na dawa ni kukata umeme kabisa. Kuriboti peke yake hakutoshi. Alichofanya ni kurekodi paketi hadi ya mwisho kabla ya kifo, kifo baada ya kifo. Akafika kwenye baiti moja, nafasi ya 0x47f, yaani ya 1151. Ikiwa na thamani fulani pale, kadi inakata roho. Ikiwa na nyingine, hakuna kinachotokea. Unaweza kuiua mashine ya mwenzio kwa paketi moja tu. Intel walipochunguza walisema chanzo ni mtengenezaji mmoja wa ubao mama aliyeipangia kadi kumbukumbu yake vibaya. Si draiva, na kwa maelezo yao si hata kadi. Ninachompendea bwana yule ni kwamba hakuridhika na jibu la "ukiwasha upya inapona".

Je, draiva huwa haina hatia siku zote? Sikusema hivyo. Bill Paul, aliyeiandikia FreeBSD draiva ya Realtek 8139, aliacha maelezo ndani ya msimbo wenyewe kwamba pengine hiyo ni kadi mbovu kuliko zote za PCI zilizowahi kutengenezwa, na draiva ya kadi mbovu lazima ijae viraka. Kuna draiva zenye makosa, na utajua moja hivi: mashine ileile, kebo ileile, mzigo uleule, kerneli ya zamani inakwenda na mpya inaanguka, na ukirudi ya zamani inakwenda tena. Ukifika hapo una kesi. Waandikie wenye draiva, uwape namba ya kerneli, matokeo ya ethtool -i, tarakimu za lspci na logi nzima kuanzia kuwaka. Nzima, si mistari mitano uliyoichagua wewe.

Jambo dogo kabla sijarudi kwa panya. Draiva usiitoe kwa mbali bila mlango wa nyuma. Kama seva ina BMC, kile kidhibiti kidogo kinachojitegemea, au konsoli ya siriali, ingia huko. Kama haina, andika kuitoa, kuirudisha na kuinua mtandao katika amri moja, uiendeshe kwa nohup, ili ikikukata iendelee yenyewe. Kuna mwenzetu mmoja aliandika modprobe -r, amri ya kuitoa draiva, peke yake kupitia SSH, yaani kwa mtandao uleule, yeye yuko Dodoma, seva iko Tanga. Alipanda basi la alfajiri. Simtaji, yuko humu ndani na anacheka.

Haya. Usiku wa tatu nimekaa na seva ile, nimechoka hata kudhani, nikafungua logi za siku kabla sijafika, journalctl -k na -b ya nyuma, nikasoma mstari kwa mstari bila kutafuta neno lolote. Ukawepo. Umejirudia kila mchana kwa wiki nzima: "Downshift occurred from negotiated speed 1Gbps to actual speed 100Mbps, check cabling!" Kageuze kwa Kiswahili: mwendo umeshuka, kaangalie kebo. Na alama ya mshangao wameweka. Ndani ya mstari ule hamna neno error wala fail, ndiyo maana nilipita juu yake kama mtu anayeruka dimbwi. Tena kwa kuing'oa r8169 nilikuwa nimemfukuza shahidi pekee, maana ile r8168 niliyoiweka haikuandika onyo hilo hata mara moja.

Tukapanda darini. Jozi ya bluu na ya kahawia zimeliwa hadi shaba, za machungwa na kijani ni nzima. Megabiti 100 zinahitaji jozi mbili tu, za machungwa na kijani. Gigabiti inataka zote nne. Na kwa nini mchana? Kiyoyozi cha ukumbi wa jirani kikiwashwa, dari inatetemeka, shaba zinagusana. Usiku niliowasha upya na kusifiwa, kiyoyozi kilikuwa kimezimwa.

Mwenyekiti ananitazama. Chumba cha pili kuna seva tatu. Mbili nimeziharibu jana usiku kwa mikono yangu, na ya tatu sijaigusa, ingawa nayo haina mtandao. Gawanyikeni makundi matatu. Karatasi na kalamu ziko mezani. Kundi litakalobonyeza kitufe cha kuzima kabla halijaandika chochote linanunua chai ya wote, na vitumbua.